Ukurasa wa Mia Mbili na Saba

Nilikiazima kwa wiki moja, nimekaa nacho Shaabani nzima.
Hakina jalada. Mgongo umeshonwa kwa uzi wa kiatu,
na kabla yangu wamekisoma wasichana kumi na mmoja wa Langoni,
wa mwisho binti wa ndugu yangu, Maimuna Shee,
aliyeniambia, "Shangazi, kisome, ila usimtukane mtu."

Basi mimi, fundi wa kofia za vito, miaka arobaini na tisa,
miwani imegandishwa gundi sikioni,
nimeacha kofia ya bwana harusi wa Mkomani bila utosi
kwa ajili ya mtoto wa miaka kumi na sita asiyekuwapo duniani.

Anaitwa Sirati. Ana sindano ya mfupa wa papa.
Akitoboa ramani, mji husogea.
Akishona kingo mbili za ghuba, watu huvuka kwa miguu,
na mshono ukilegea hurudi mbio wote,
wazee, mbuzi, na mtu mmoja aliyesahau birika.
Birika hilo ndilo lililoninasa.

Mtunzi huyu anaijua sindano. Anajua kidole cha kati
kinavyoota gamba, anajua uzi unavyousengenya mkono.
Sura ya mji wa chumvi niliisoma nimesimama, uji ukafurika.
Nikacheka peke yangu mpaka punda wa jirani akaniitikia.

Kisha akaingia Kaimu.

Mwana wa mfalme, angekuwa nani tena. Macho rangi ya radi
(radi ina rangi gani, mtunzi hasemi).
Anamtazama Sirati akilala, dirishani, siku tisa,
na kitabu kinaiita hiyo subira.
Anamficha sindano yake, "kwa usalama wako,"
na kitabu kinaiita hiyo huruma.
Anafunga mlango, anatupa ufunguo majini,
na msichana aliyehamisha miji mitatu
anakaa kitako, moyo wamdunda, anasema:
"Sijawahi kupendwa hivi."

Ukurasa wa mia mbili na saba.
Nilikirusha kitabu juu ya kasha.

Kwani mimi nimewahi.
Nilikuwa na mume aliyehesabu hatua zangu kutoka sokoni,
aliyejua urefu wa kila uchochoro kuliko mpima ardhi.
Watu wakasema ana wivu, ndiko kupenda huko, una bahati.
Miaka sita nilikuwa na bahati.
Siku ya kutoka nilibeba mkasi, basi.

Nikakiokota. Sitasema uongo,
nilitaka kujua mji wa chumvi uliishia wapi.
Hapo ndipo nilipoona pembeni, kwa penseli,
mikwaruzo niliyodhani ni uchafu:
"Mwate!"
Chini yake, wino wa kijani: "Sindano i chini ya godoro, tafuta."
Mwingine: "Kakangu ndivyo alivyo. Mkewe hacheki."
Mwingine kachora kufuli lenye masharubu.
Na mwandiko wa Maimuna, niliomfundisha mwenyewe kwa chaki:
"Mimi nampenda Kaimu. Kidogo. Nisameheni."

Nilikaa na hilo "kidogo" mpaka adhana ya alasiri.
Ningemkemeaje? Hata mimi, mia tatu na kumi,
alipoirudisha sindano akalia, mshenzi yule,
nilihisi kitu kifuani, kama uzi unaovutwa taratibu.
Nikajikasirikia. Nikafungua ukurasa wa pili.

Usiku nilichonga penseli kwa kisu cha vitunguu,
nikaandika palipobaki nafasi ya upana wa kucha:
"Akikurudishia, angalia kwanza kama bado ina ncha."

Utosi wa kofia nimeumaliza.
Bwana harusi alipokuja kuichukua
nilimtazama zaidi ya desturi, akadhani bei imepanda.

Kitabu cha pili kiko Shela, kwa Nuru Bakathir.
Anasoma polepole, nasikia, kwa kuwa anaandika sana pembeni.
Nimempelekea kashata na salamu: afanye hima, mwanangu,
mji wa chumvi tumeuacha ukining'inia kwa uzi mmoja.